Baba, Binti na Duka: Vizazi Vitatu vya Wafanyabiashara wa Bukavu

Mapadri na makatekista wanaofanya kazi katika mji wetu wa Bukavu wanaitwa mara nyingi kupatanisha watu wa nyumba moja. Zamani shauri lilikuwa juu ya shamba, juu ya mahari, juu ya ng'ombe. Siku hizi kuna shauri lingine linalozidi kuongezeka, nalo ni shauri la duka. Baba amelijenga, mtoto amesoma, na wote wawili wanakubali ya kuwa mali haikuumbwa kwa tumbo la mtu mmoja. Hapo hasa ndipo wanapogombana: mali hiyo imsaidie nani, na kwa njia gani?

Nitaeleza jambo moja nililoliona mwenyewe, pasipo kutaja jina la mtu. Mzee mmoja wa Kadutu, mwenye duka la simenti na mabati na nyumba tatu za kupangisha, aliniita jioni moja nyumbani kwake. Binti yake wa kwanza, mwenye miaka 31, amemaliza masomo ya uchumi. Aliomba apewe depo iliyo nyuma ya duka, afanye humo kazi ya kugeuza maganda na takataka za soko kuwa makala ya kupikia, na wafanyakazi wake wawe wanawake wanaobeba mizigo mgongoni toka bandarini mpaka sokoni. Baba akakataa. Akaniambia:

"Padri, duka hili limelipa minervali ya watoto kumi na wanne, na watano tu ndio niliowazaa. Limezika wazazi wangu na wazazi wa mama yao. Na leo mtoto huyu anasema mbele ya wadogo zake ya kuwa duka langu halifai watu kitu!"

Binti akajibu kwa adabu, ameinamisha uso: "Baba, sikusema hivyo. Nilisema linawafaa watu wetu. Na wale wasio watu wetu je?"

Nilitoka pale bila neno la kuwapatanisha. Kwa njia yote nilijiuliza: watu hawa wawili ni wakristu wa kanisa moja, wanakula chungu kimoja, kila mmoja anataka kutenda mema kwa mali yake; mbona hawasikilizani? Maneno yanayofuata ni jaribio la kujibu swali hilo.

I. Walioona mambo mamoja katika ujana wao

Mwaka 1928 mwanachuoni mmoja mzaliwa wa Hungaria, Karl Mannheim, aliandika juu ya vizazi. Alisema ya kuwa kizazi si hesabu ya miaka tu. Watu wanakuwa kizazi kimoja kwa sababu mambo makubwa yaliwakuta pamoja wakati wa ujana, akili ilipokuwa bado laini kama udongo wa mfinyanzi. Alama iliyoingia wakati ule inakauka pamoja na udongo. Baadaye mtu ataona mambo mengine mengi, lakini atayapima yote kwa kipimo kile cha kwanza.

Wazee wetu wa Kiswahili walikwisha kusema neno la karibu na hilo: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi tukitaka kujua kwa nini mfanyabiashara fulani anaweka faida yake hapa wala si pale, tuulize kwanza: nyoka gani alimwuma, na wakati gani? Katika Bukavu naona vizazi vitatu, na kila kimoja kina nyoka wake.

II. Kizazi cha kwanza: wajenzi wa jina

Hawa ni wale waliokua wakati wa Wabelgiji, mji ulipoitwa Costermansville. Wazungu walikaa kwenye ncha za inchi zinazoingia ziwani, na watu weusi walikaa Kadutu. Katika miaka ya 1950 zikaongezwa nyumba za Bagira, zilizojengwa na Office des Cités Africaines. Mashamba makubwa ya kahawa, majani ya chai na kinkina yalikuwa mikononi mwa walowezi na makampuni. Mtu mweusi aliyetaka kufanya biashara alikuwa na cherehani yake, au kiduka kidogo, au useremala, au baiskeli ya kuleta maharagwe toka Kabare na Walungu.

Lengo lake lilikuwa nini? Lilikuwa heshima. Alitaka mtoto wake awe karani, mwalimu, mganga msaidizi au padri, ili siku moja jina la ukoo litajwe katika biro ya Mzungu pasipo dharau. Mtu aliyefaulu mjini alikuwa mlango wa kijiji kizima. Wapwa na wadogo walikuja kukaa kwake ili wasome. Walala sebuleni, wala sahani moja, naye hakuwahesabu. Mtu kama huyo hakusema neno lolote juu ya "lengo la jamii". Kwake, kumlea mtoto wa dada hakukuwa sadaka wala mpango. Kulikuwa kuwa mtu.

Kizazi hicho kiliona furaha ya uhuru mwaka 1960, kisha kiliona askari wa kukodiwa wa Jean Schramme wakishika Bukavu toka Agosti mpaka Novemba 1967. Mji uliharibiwa na maduka yaliporwa. Hata hivyo wengi walianza tena, maana walikuwa bado na matumaini ya ya kuwa inchi ni yao.

III. Kizazi cha pili: walioona fedha ikifa

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza ya kuwa mashamba na maduka ya wageni yatapewa wenye inchi. Neno lenyewe lilikuwa tamu masikioni. Lakini waliopewa walikuwa mara nyingi jamaa na marafiki wa wakubwa, watu wasiojua hesabu ya duka. Waliuza vitu vilivyokuwamo, wakala, wakafunga. Mwaka 1976 Leta ilipoanza kuwarudishia wenyewe mali yao, maduka mengi yalikuwa rafu tupu. Kijana wa miaka ile alijifunza nini? Alijifunza ya kuwa mali inayoonekana sana inavuta macho ya wenye nguvu, na ya kuwa mtu anaweza kutajirika pasipo kufanya kazi akiwa na rafiki mkubwa.

Tena, siku ya Noeli ya mwaka 1979, lilikuja tangazo ya kuwa noti za zaire 5 na zaire 10 hazina thamani tena. Watu walipewa siku chache tu za kubadili, na kiasi cha kubadili kiliwekewa mpaka. Katika milima yetu mkulima alikuwa mbali na benki. Alikuwa na kopo chini ya kitanda. Kopo lile likawa karatasi za kuwashia moto. Mwezi wa Septemba 1991 askari walianza kupora Kinshasa na uporaji ukaenea katika miji mingine. Mwaka 1993 ilitolewa fedha mpya: zaire milioni 3 za zamani zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo: zaire mpya 100,000 zikawa franka 1. Vyama vya akiba na mikopo, vilivyokuwa vimeenea vizuri katika Kivu na kuaminiwa na watu wadogo, viliona akiba ya miaka mingi ikiyeyuka.

Methali inasema: akiba haiozi. Kizazi hiki kiliiona akiba ikioza mbele ya macho yake.

Kwa hiyo tusishangae kama mfanyabiashara wa kizazi hiki anaweka faida yake katika matofali, katika ng'ombe, katika dola, na katika masomo ya watoto wa ukoo. Nyumba haifutwi na tangazo la redio. Mpwa aliyesoma hawezi kubadilishwa thamani kwa siku tatu. Ukoo ndio uliokuwa benki yake wakati benki zilipokufa, na ndio uliokuwa hospitali na shule Leta ilipoacha kulipa waganga na walimu. Akisema "mali yangu ni ya watu wangu," hasemi kwa uchoyo. Anataja chombo kimoja tu ambacho hakikumzamisha.

IV. Kizazi cha tatu: watoto wa vita

Kizazi hiki ni changu. Vita viliingia Bukavu mwezi wa Oktoba 1996, na tarehe 29 ya mwezi huo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa barabarani. Vita vingine vilianza 1998. Mwaka 2004 mji ulishikwa na kuporwa tena. Mwezi wa Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia, na mabenki yakafunga milango. Sisi hatukuona fedha tu ikifa. Tuliona majirani wakifa.

Vita vilitufundisha mambo mawili. La kwanza, ukoo wenyewe unaweza kutawanyika kwa usiku mmoja. Basi mtu hujikuta akiokolewa na asiyemjua. La pili, tuliona watu wa mji huu wakijibu uovu kwa kazi. Mwaka 1999 Daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi, iliyotunza wanawake waliojeruhiwa vibaya kwa jeuri, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kijana wa Bukavu aliyekua akiyasikia hayo hawezi kufikiri ya kuwa kutenda mema kunaishia mlangoni mwa baba yake.

Angalia sasa kazi ambazo vijana wetu wanazianzisha. Nicole Menemene alianza kuokota chupa za plastiki zinazoelea ziwani Kivu na kuzigeuza vikapu na vyombo vya nyumbani. Kazi yake yaitwa Plastycor. Takataka hizo si jambo dogo. Zinashuka kwa mvua toka milimani, zinaingia ziwani, zinasukumwa mpaka mdomo wa mto Ruzizi, na kule zinaziba mashini za umeme. Kisha mji mzima unakaa gizani. Murhula Zigabe naye alianzisha Briquette du Kivu, inayogeuza takataka kuwa makala ya kupikia, maana makala ya miti yanayoletwa mjini yanakula hata msitu wa Kahuzi-Biega. Katika kazi hizo, anayesaidiwa si mpwa wala shemeji. Ni ziwa, ni msitu, ni mama asiyejulikana anayenunua makala ya franka chache kila jioni.

Hata sisi mapadri tuna alama za vizazi. Padri wazee walilelewa na barua ya Papa Paulo VI ya mwaka 1967, Populorum progressio, juu ya maendeleo ya mataifa. Wadogo tulisoma Laudato si' ya Papa Fransisko ya mwaka 2015, juu ya utunzaji wa dunia, nyumba yetu sote. Tarehe 1 Mei 2019 Papa huyo huyo aliwaandikia vijana wenye elimu ya uchumi na wenye kuanzisha biashara, akiwaita Assisi watafute uchumi mwingine; mkutano wa uso kwa uso ulifanyika Septemba 2022. Basi tukimsikiliza kijana kwa wepesi zaidi kuliko mzee, tujichunguze: labda tunasikia tu sauti yetu wenyewe.

V. Je, umri ni yote?

Hapana. Nachukua shuhuda tatu.

Ya kwanza ni Butembo, katika Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1987 mwanachuoni Janet MacGaffey alitoa kitabu juu ya wafanyabiashara wa Kisangani, na kati yao Wanande waliotoka Kivu. Alionyesha namna walivyojenga biashara zao pasipo kubebwa na wakubwa wa siasa. Hawa ni watu wa kizazi cha pili, kile kile kilichoficha mali. Lakini Butembo, chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo lile toka 1966 mpaka 1997, wafanyabiashara walikubali kutoa mali kwa ajili ya barabara na kwa ajili ya chuo kikuu cha Graben kilichofunguliwa 1989. Je, walikuwa na moyo mwingine kuliko wenzao wa Bukavu? Sidhani. Walikuwa na mtu waliyemwamini kukusanya mchango wao, na waliiona barabara kwa macho. Askofu huyo ndiye aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wetu mwaka 1997. Februari 2000 alifukuzwa mjini kwa sababu ya maneno yake ya kweli, akafa Roma tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule.

Ya pili ni kahawa. Katika miaka ya vita wakulima wa pwani ya ziwa walikuwa wakipakia kahawa katika mitumbwi usiku ili kuiuza ng'ambo, na wengi walizama. Mwaka 2003 mkulima Joachim Munganga alianzisha kule Minova ushirika wa SOPACDI, ili kahawa ioshwe na kuuzwa kwa njia halali na kwa bei ya haki. Hakuwa mwanafunzi aliyetoka shule juzi. Alikuwa mkulima aliyechoka kuona mitumbwi isiyorudi.

Ya tatu yatoka mbali. Muhammad Yunus wa Bangladesh, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2006 kwa ajili ya benki ya kukopesha maskini, alizaliwa mwaka 1940. Kwa umri ni sawa na babu zetu. Kilichomtoa darasani ni njaa kubwa ya mwaka 1974.

Basi lililo kubwa ni lile lililomgusa mtu, na pamoja nalo, kama kuna wa kumwamini. Mahali ambapo hakuna wa kumwamini, mtu wa kila umri atarudi kwa ukoo wake.

VI. Hatari ya kila upande

Tuseme kweli pasipo kumpendelea mtu. Njia ya wazee ina hatari yake. Duka linalolisha kila ndugu linakosa fedha ya kukua, na siku mwenyewe akifa, wote waliolishwa wanakuja na vikapu kugawana. Wasomaji wangu wanajua maduka mangapi ya Bukavu yalizikwa pamoja na wenyewe. Tena wema unaoishia kwa ukoo, katika inchi iliyogawanyika kwa makabila, unaweza kuzidisha ukuta.

Njia ya vijana nayo ina hatari yake. Vita vilileta mashirika mengi ya msaada, na mashirika yana karatasi zinazouliza: lengo lako la jamii ni nini? Vijana wamejifunza kujibu vizuri. Kuna wenye lengo zuri sana katika karatasi, lakini mwaka wa msaada ukiisha, kazi imekufa, na mama mzazi yuko kijijini hajaona hata kilo ya sukari. Anayependa dunia nzima na kumsahau mama yake bado hajaanza kupenda.

Kwa hiyo naona maswali mawili yafaa kuwa kipimo chetu. Mzee tumwulize: katika faida yako, nani anakula asiye wa damu yako? Kijana tumwulize: msaada ukikatika kesho, nani ataendelea kula? Kila swali linamwumiza mmoja na kumfurahisha mwingine, ndiyo sababu tunapashwa kuyauliza yote mawili, tena siku moja, mbele ya wote wawili.

VII. Yafaa tufanye nini

Kwanza, tusiwe waamuzi wa haraka. Kabla ya kuuliza "unataka kufanya nini na mali?", tuulize "uliona nini ulipokuwa kijana?"

Pili, tutafute mahali ambapo vizazi vinaweza kukutana pasipo mmoja kumezwa na mwingine. Likelemba ya akina mama ni shule nzuri. Humo mzee na kijana wanatoa sawasawa, kila mmoja anapokea kwa zamu yake, na asiye ndugu anakuwa ndugu kwa sababu alilipa siku yake. Benki zinaweza kufunga milango. Likelemba yenye watu waaminifu inakaa chini ya mwembe na kuendelea.

Tatu, tuwe wenyewe watu wa hesabu safi. Mfanyabiashara hatatoa mali yake kwa ajili ya wote kama daftari ya parokia haionekani. Mfano wa Butembo watufundisha hivyo.

Namalizia kwa nyumba ile ya Kadutu. Nilirudi baada ya majuma mawili, nikawauliza swali lile. Baba akasema: "Nilikuwa na miaka 19. Baba yangu alitoa noti zake katika kopo la maziwa, akazihesabu mbele yetu, akazirudisha ndani, akafunga kifuniko. Hakusema neno mpaka Epifania." Binti akasema: "Mimi nilikuwa na miaka 10, mwaka wa 2004. Baba, wewe ulikuwa safarini. Mama alitupeleka kwa jirani, tukakaa siku nne chini ya kitanda chake. Mama yule alikuwa mbeba mizigo. Hakuwa mtu wetu."

Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza jina la mama yule, naye binti akamtajia.

Hawakukumbatiana, wala baba hakutoa depo yote. Alitoa nusu, kwa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba kodi ndogo ilipwe na daftari iletwe kwake kila Jumamosi jioni. Binti alikubali, naye akaweka sharti lake: mdogo wake mmoja afanye kazi pamoja na wanawake wale, ajifunze. Jumamosi iliyopita nilipita hapo. Baba na binti walikuwa wamekaa mlangoni mwa duka, taa katikati, wanabishana juu ya bei ya gunia.

Ubishi wa namna hiyo sikuitwa kuutuliza, nami nilipita kimya.